Mvua imetukuta na safari ya Amani

Swali: Tulipanga kuwapeleka watoto kwenye bustani ya mimea ya Amani, Muheza, lakini mvua haikatiki. Tuahirishe?

Jibu: Nendeni! Bustani hii, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 katika Usambara Mashariki, imestawi kwa mvua hiyohiyo. Mpeni mtoto jani bichi la mkafuri alifikiche, kisha anuse vidole vyake, hatasahau. Kwenye miamba yenye unyevu tafuteni ua dogo la zambarau la Usambara, lile linalouzwa kwenye vyungu hadi Ulaya. Kwao ni huku.

Barabara ya kupanda huteleza, basi mpateni dereva anayeijua. Watoto wavae gambuti. Radi ikianza kupiga, rudini garini mara moja. Msijikinge chini ya miti mirefu.