MATHILDE, JIWE LENYE NUSU YAKE IKO WAZI

Katikati ya Marsi na Jupiteri kuna mawe mingi sana yanayozunguka jua. Tunayaita asteroidi. Tuchukue moja tu: Mathilde, namba 253. Johann Palisa aliiona kule Austria katika mwaka wa 1885. Katika darubini ilikuwa nukta ya mwangaza, ikabaki nukta zaidi ya miaka 100.

Tarehe 27 mwezi wa sita 1997, chombo cha Wamarekani, NEAR, kilipita kilometa 1.200 hivi karibu nayo na kupiga picha. Watu wakaona jiwe jeusi kama makala, lenye upana wa kilometa 53 hivi.

Sasa, namna gani kupima uzito wa jiwe kama lile? Mizani hakuna kule! Lakini Newton alionyesha kwamba kila kitu kinavuta kingine. Wakati NEAR ilipita, Mathilde iliivuta, mwendo wake ukageuka kidogo sana, na wataalamu duniani wakapima badiliko lile kwa mawimbi ya redio. Wakapata masi: kilo 10^17 hivi, ndiyo 1 na sifuri 17. Na kwa picha wakapata volume, karibu kilometa za ujazo 78.000. Chukueni kalamu, mgawanye. (Geuzeni kwanza kuwa meta za ujazo, hapo ndipo wengi wanaanguka.) Mtapata karibu kilo 1.300 kwa kila meta ya ujazo.

Ni kidogo mno! Mawe meusi ya namna hii yanayoanguka duniani, kwa kawaida yanapita kilo 2.000. Basi wataalamu wanaona kwamba karibu nusu ya Mathilde iko wazi. Fikirini gunia ya makala tunayoonaka sokoni: imejaa, lakini kati ya kipande na kipande ni hewa. (Kule hata hewa hakuna.)

Ndiyo sababu Mathilde haikuvunjika. Ina mashimo makubwa ya kugongwa, na moja, Karoo, lina upana wa kilometa 33 hivi. Piga tofali kwa nyundo, linapasuka. Piga gunia ya makala, inabonyea tu. Mashimo yale yalipewa majina ya mahali pa makaa ya mawe: Karoo ya Afrika ya Kusini, hata Enugu ya Nigeria.

Zoezi: kama Mathilde ingekuwa na kilo 2.600 kwa kila meta ya ujazo, na ukubwa uleule, ingeivuta NEAR kwa nguvu mara ngapi? Jibu mpelekee mwalimu wa fizike.