Breki za Land Rover ya Zamani: Uliza Pedali Kabla ya Kununua Spea

Somo hili ni la mkulima mwenye Land Rover ya zamani ambaye hajapata kufungua gurudumu hata siku moja. Halikusudii kumfanya fundi. Lakusudia mambo mawili tu: ajue ubovu wa breki uko upande gani, na ajue kama gari lafaa kuteremka mlima au halifai. Ajuaye hayo mawili huokoa fedha zake, na pengine huokoa roho za watu.

Tumechagua Chawia, katika milima ya Taita, kuwa mfano wetu. Msitu wa Chawia uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Mwatate iliyo chini yake haifiki mita 1,000. Basi mkulima wa huko anayepeleka kabichi au nyanya Mwatate na Voi huanza safari yake kwa kuteremka, tena akiwa na mzigo. Gari lenye uzito wa tani 2 pamoja na mzigo wake, likiteremka mita 500 kwa nguvu ya breki peke yake, huzaa joto linaloweza kuchemsha lita 29 hivi za maji, yaani debe moja na nusu. Joto hilo lote huingia katika breki. Mkulima wa skimu iliyo tambarare asidhani kwamba somo hili si lake. Ubovu ni ule ule. Mlima huudhihirisha mapema tu.

JINSI BREKI ZINAVYOFANYA KAZI

Land Rover zilianza kuuzwa mwaka 1948. Zile za Series I, II, IIA na III zina breki za dramu katika magurudumu yote manne. Ukikanyaga pedali, unasukuma pampu kubwa ambayo mafundi huiita masta silinda. Masta husukuma mafuta ya breki ndani ya mabomba membamba ya chuma na paipu za mpira mpaka kwenye silinda ndogo zilizomo katika kila gurudumu. Silinda hizo hutanua breki shuu, nazo breki shuu, zilizovikwa lainingi, husugua dramu kwa ndani. Gurudumu husimama.

Katika nyingi za gari hizi, hasa zile za kabla ya Series III, njia ya mafuta ni moja kwa magurudumu yote. Bomba moja likipasuka, breki zote nne hupotea pamoja.

Breki ya mkono ni kitu kingine kabisa. Haishiki magurudumu, hushika shafti inayotoka kwenye gia boksi kwenda difu ya nyuma. Kwa hiyo breki ya miguu ikifa, ya mkono yaweza kuwa nzima. Lakini jambo hili lina hatari yake. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, breki ya mkono haitalizuia gari tena, kwa sababu difu huliacha gurudumu lililo hewani lizunguke huku lililo chini likibiringika. Watu wameumia kwa kutojua jambo hili.

KABLA YA KUANZA

1. Egesha gari mahali tambarare, palipo na ardhi ngumu.
2. Weka kabari za mbao au mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yasiyoinuliwa.
3. Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Weka magogo imara.
4. Usipulize vumbi lililomo ndani ya dramu. Lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Lifute kwa kitambaa chenye maji.

ULIZA PEDALI

Zima injini, keti katika kiti cha dereva, ukanyage pedali kwa nguvu za kawaida. Kisha kanyaga mara ya pili na ya tatu upesi upesi. Mwisho, kanyaga na ushikilie kwa muda wa dakika moja. Pedali itakupa mojawapo ya majibu haya.

Pedali yashuka mpaka chini na haina nguvu hata ukipiga mara nyingi. Mafuta yamekwisha au yamevuja mengi. Usiwashe gari. Nenda ukatazame kopo la mafuta.

Mara ya kwanza yashuka sana, mara ya pili yapanda na kuwa ngumu. Mara nyingi breki shuu ziko mbali na dramu kwa sababu lainingi zimelika. Zataka kurekebishwa, au kubadilishwa kama zimekwisha.

Yabonyea kama sifongo, na kila ukipiga yapanda kidogo. Mna upepo ndani ya mabomba. Mafuta hayakubali kubanwa, lakini upepo hukubali; nguvu ya mguu wako hupotea kwa kuubana upepo. Pengine paipu za mpira zimezeeka nazo huvimba unapokanyaga.

Yashika juu, kisha yazama polepole ukiishikilia. Kuna mahali panapovuja. Kama kopo limejaa na nje hakuna unyevu popote, basi raba zilizomo ndani ya masta zimelika, na mafuta yanarudi nyuma ndani kwa ndani.

Ni ngumu na iko juu, lakini gari halisimami. Mafuta yanafika, ubovu uko katika dramu. Lainingi zimelowa oili, au zimeungua zikang'aa kama kioo, au zimelika. Kama gari lako lina chombo kinachoongeza nguvu ya breki kwa msaada wa injini, kijaribu hivi: kanyaga pedali injini ikiwa imezimwa, kisha washa. Pedali yapasa kushuka kidogo. Isiposhuka, chombo hicho hakifanyi kazi.

TAZAMA KOPO, KISHA FUATA UNYEVU

Sasa fungua boneti utafute kopo la mafuta ya breki. Katika baadhi ya gari hizi kopo moja hulisha breki na klachi pia, kwa hiyo kuvuja kwa klachi kwaweza kupunguza mafuta. Futa kifuniko kabla ya kukifungua, mchanga usiingie.

Kama mafuta yamepungua, yameenda mahali fulani. Usiyaongeze tu ukaondoka. Pitia mambo haya kwa zamu: nyuma ya masta, karibu na pedali, kila kiungo cha bomba, paipu za mpira, ukizikunja kidogo uone kama zina nyufa, mabomba ya chuma, hasa pale yanaposuguana na fremu au yanapopigwa na mawe, na upande wa ndani wa kila gurudumu, chini ya bamba linaloziba dramu.

Ukiona unyevu kwenye gurudumu, ushike kwa kidole. Mafuta ya breki ni mepesi, rangi yake ni ya manjano hafifu ama kahawia yakizeeka, nayo hubandua rangi ya gari. Huyayuka katika maji, basi nawa mara moja. Oili ya difu ni nzito, ina harufu kali, na haitoki kwa maji matupu. Tofauti hii ni muhimu sana kwa mfuko wako. Mafuta ya breki yaonyesha kwamba silinda ndogo inavuja. Oili nzito yaonyesha kwamba sili ya ekseli au ya habu imekufa, na ukibadilisha silinda utakuwa umetupa fedha bure. Katika hali zote mbili, lainingi zilizolowa hazifai tena. Zibadilishwe pande zote mbili za ekseli ile, kushoto na kulia.

SIKIA GARI LIKIWA NJIANI

Jaribio hili lifanywe tu kama pedali ni imara, tena mahali tambarare pasipo watu, kwa mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Kanyaga breki.

Gari likivutwa kulia, ubovu huwa kwa kawaida upande wa kushoto, kwa maana ule wa kulia ndio unaofanya kazi. Likivutwa kushoto, tazama kulia. Wageni wengi hufungua gurudumu lisilo na kosa.

Ukisikia chuma kikikwaruza, lainingi zimekwisha na ribiti zinakula dramu. Kila siku unayongoja ni gharama ya dramu mpya.

Baada ya safari, sogeza mkono karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Lililo moto kuliko mengine linashikwa wakati wote: silinda imekwama, au breki imekazwa kupita kiasi, au paipu ya mpira imeziba ndani na hairudishi mafuta. Lililo baridi baada ya mteremko halikufanya kazi yake.

Breki zikipotea baada ya kuvuka mto, dramu zimeingia maji. Endesha polepole huku ukikanyaga kidogo kidogo mpaka zikauke. Zikipotea katikati ya mteremko, kisha zikarudi gari lilipopoa, ni joto. Kama pedali ilikuwa ngumu, lainingi zilizidiwa. Kama ilikuwa laini na kushuka, mafuta yalichemka yakafanya mvuke.

KWA NINI MAFUTA YACHEMKE?

Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani. Mafuta mapya yenye alama ya DOT 3 hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji yaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 tu. Kwa DOT 4 ni nyuzi 230 na 155. Kwa hiyo ni desturi njema kuyabadilisha kila baada ya miaka 2, na kutotumia chupa iliyokaa wazi stoo. Usitie kamwe oili ya injini: huvimbisha raba zote, kuanzia masta mpaka silinda za magurudumu. Wala usitie maji ya sabuni kama wafanyavyo wengine njiani. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, na huleta kutu.

TUCHUKUE MFANO

Tuseme mkulima wa Chawia aona pedali yake imeshuka. Jirani amwambia, "Masta imekufa, nunua nyingine." Mkulima hakimbilii dukani. Akanyaga mara ya kwanza: yashuka. Mara ya pili: yapanda, ngumu. Ashikilia dakika moja: haizami. Kopo limejaa, na nje pakavu. Basi masta haina kosa. Ainua gurudumu moja moja, atazama lainingi: bado ni nene. Nyuma ya bamba akuta bolti ya kurekebishia. Aigeuza kwa spana mpaka gurudumu lisizunguke, kisha airudisha kidogo mpaka lizunguke huru. Land Rover ndefu zina bolti mbili katika kila gurudumu la mbele. Asisahau ya pili. Amalizapo yote manne, pedali yakaa juu. Hakutumia hata shilingi moja kwa spea.

Lakini kama pedali ingezama alipoishikilia, ushauri wa jirani ungekuwa wa kweli, na hapo ingempasa kumwita fundi. Kila bomba linapofunguliwa lazima upepo utolewe, kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta: kwa gari lenye usukani wa kulia, ni la nyuma kushoto, kisha la nyuma kulia, la mbele kushoto, na mwisho la mbele kulia. Kopo lisiachwe likauke kazi hiyo ikiendelea, la sivyo upepo utaingia upya.

KUPIGA PEDALI SI DAWA

Madereva wengi husema, "Nikipiga mara tatu zinashika." Hiyo ni dalili ya ugonjwa, wala si matibabu. Penye kona hakuna nafasi ya kupiga mara tatu. Sheria ya Trafiki ya Kenya yataka gari la barabarani liwe katika hali nzuri, na mlima nao una sheria yake isiyo na faini wala rufani. Pedali ikishuka, ikizama au ikibonyea, gari lisiteremke, hata kama nyanya zimeiva na soko ni kesho. Tafuta gari jingine, au mlete fundi juu. Hasara ya nyanya hulipwa na msimu ujao.

Gari likiwa zima, lisimamishe kabla ya mteremko, uingize gia nzito kwa ile fimbo yenye kirungu chekundu. Usijaribu kuiingiza gari likiwa linakwenda. Iache injini izuie gari, na breki zisaidie tu. Usiteremke kamwe katika gia huru ili kuokoa petroli.

Breki zikikatika njiani, piga pedali upesi upesi, rudi gia ya chini, vuta breki ya mkono, na uelekeze gari kwenye ukingo wa upande wa mlima, kamwe si upande wa bonde.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kopo limejaa, nje ni pakavu, lakini pedali yazama ukiishikilia. Ubovu uko wapi?
2. Gari lavutwa kulia. Utafungua gurudumu la upande gani kwanza?
3. Umekuta unyevu mzito wenye harufu kali nyuma ya gurudumu. Je, utanunua silinda?
4. Kwa nini breki ya mkono haitoshi ukiinua gurudumu la nyuma?

Majibu yote yamo katika somo hili. Lisome pamoja na anayeliendesha gari lako, kisha nendeni mkaulize pedali.