Gata linafurika kila masika, nifanyeje?

SWALI: Fundi, mvua ikikaza hapa Tanga, maji ya paa humwagikia ukutani badala ya kwenda kwenye tangi. Ninunue gata jipya?

JIBU: Usikimbilie dukani. Panda ngazi, mtu akikushikilia, uzoe majani na mchanga. Kisha mwaga ndoo ya maji upande ulio mbali na bomba, utazame. Yakituama katikati, gata limelegea: ongeza vishikizo, uliinue hadi literemke sentimita 1 kwa kila mita 2 kuelekea kwenye bomba. Yakijaa mdomoni mwa bomba, zibua bomba. Yakidondoka kwenye maungio, yakaushe, sugua kutu, kisha ziba kwa silikoni.

Fanya hivyo kabla ya masika na kabla ya vuli. Maji yaliyotuama hula bati na kuzalisha mbu. Mwembe ukiinamia paa, punguza matawi.

Mvua ya kwanza iache imwagike nje ya tangi, maana huosha vumbi na vinyesi vya ndege. Zinazofuata zikinge: milimita 20 juu ya paa la mita za mraba 50 ni lita 1,000. Maji hayo ndiyo yanayolowesha ukuta wako.