Kiongozi Asibebe Mzigo Peke Yake

Leo tutajifunza tabia njema za kiongozi. Somo hili linawahusu wachungaji. Linawahusu pia wenyeviti wa vyama vya wakulima na viongozi wa vikundi.

Tuchukue mfano. Mchungaji mmoja analea usharika karibu na Tunduma. Alfajiri anafungua kanisa. Mchana anapatanisha mume na mke. Jioni anatembelea wagonjwa. Usiku anahesabu sadaka peke yake. Wazee wa kanisa wakisema, "Baba Mchungaji, tukusaidie," yeye hujibu, "Acheni tu, nitafanya mwenyewe."

Siku moja akashikwa na homa kali, akalazwa hospitali Vwawa. Juma hilohilo mjane mmoja wa usharika akafiwa na mtoto. Fedha za msaada zimo sandukuni, lakini ufunguo uko mfukoni mwa mchungaji. Daftari nalo, hakuna anayejua liliko. Watu wakachanga upya. Njiani wakanong'ona, "Kwani fedha zetu zimeliwa?"

Mchungaji hakuiba hata senti. Lakini shahidi hana. Kosa lake ni nini? Alipenda kazi, ila hakuwaamini wenzake.

Jambo hili si geni. Katika Biblia, kitabu cha Kutoka sura ya 18, Musa aliamua mashauri ya watu toka asubuhi hadi jioni. Mkwewe Yethro akamwonya kwamba atachoka, na watu nao watachoka. Achague watu waaminifu, wasiopenda rushwa. Mashauri madogo waamue wao, makubwa wamletee yeye. Musa akakubali.

Hata katika siasa tunao mfano. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Januari 1962 Mwalimu Nyerere aliacha uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa. Yeye akaenda kuimarisha chama cha TANU. Serikali haikuanguka. Desemba mwaka huohuo Nyerere akawa Rais.

Turudi kwa mchungaji wetu. Alipopona aliwaita wazee, akaweka ufunguo mezani. Wakakubaliana mambo manne:

1. Kazi zigawanywe. Wengine watembelee wagonjwa, wengine wapatanishe watu.

2. Fedha zihesabiwe na watu watatu, nao watie sahihi. Mmoja atunze ufunguo, mwingine daftari. Kila mwezi hesabu isomwe mbele ya watu wote.

3. Mchungaji apumzike siku moja kila juma, akae na mke na watoto wake.

4. Akikosolewa asikasirike. Asikilize kwanza, halafu ajibu.

Nawe msomaji una kazi. Zamani ulitia dole gumba tu. Sasa unajua kusoma. Omba daftari, ulisome. Kufanya hivyo si kumdharau kiongozi, ni kumlinda.

Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA
1. Kwa nini watu walimshuku mchungaji?
2. Yethro alimshauri Musa nini?
3. Katika kikundi chenu, nani anatunza ufunguo? Nani anatunza daftari?