Umetoa Hewa? Kijitabu cha Nyumbani Kuhusu Kujisokota na Kuziba kwa Utumbo

"Tumbo linanisokota" ni maneno ya kila siku katika nyumba zetu. Mtoto aliyekula maembe mabichi huyasema, msichana aliye katika siku zake huyasema, na baba aliyekula maharage yaliyolala huyasema pia. Mara nyingi hupikiwa chai ya tangawizi, hujinyoosha kidogo, na ikifika jioni ameshasahau. Kwa hiyo siku utumbo unapojisokota kweli, nyumba nzima husikia maneno yale yale iliyoyazoea na kufanya yale yale: tangawizi, kulala, kusubiri kesho. Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya siku hiyo.

Utumbo umeshikwa na nini

Kama umewahi kuosha matumbo ya mbuzi, sehemu kubwa ya habari hii unaijua tayari. Utumbo haukutupwa tu tumboni kama kamba ndani ya kapu. Umeshikwa na utando mwembamba wenye mafuta, uliotanuka kama upepeo wa ukili: upande mpana umeshika utumbo, upande mwembamba umejishikiza mgongoni. Uinue utando huo kwenye mwanga, utaona mishipa ya damu imetambaa ndani yake. Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa takriban mita 6, na karibu damu yake yote hupitia kwenye utando huo.

Sasa shika kipande kimoja cha utumbo huo ukizungushe, kama unavyokamua shuka. Njia ya chakula inafungwa, na papo hapo mishipa ya damu inanyongwa. Utumbo ulioziba bila kunyongwa humpa mgonjwa muda kidogo. Ulionyongwa huweza kuanza kufa ndani ya saa 6 hivi. Unageuka rangi, unakuwa mweusi, unatoboka, na uchafu wake humwagika tumboni na kusambaza sumu mwilini.

Hata kuziba peke yake si jambo dogo. Kila siku utumbo hupokea karibu lita 8 za majimaji: mate, nyongo, maji ya tumbo, pamoja na tunavyokunywa. Karibu yote hunyonywa na kurudishwa mwilini. Njia ikifungwa, majimaji hayo hukusanyika nyuma ya kizuizi. Ndiyo sababu mgonjwa hukaukiwa midomo na mkojo kupungua ingawa hajaharisha hata mara moja.

Swali ambalo watu huona aibu kuliuliza

Dalili kubwa ni nne: maumivu yanayokuja na kuondoka kama mawimbi, kutapika, tumbo kuvimba na kukaza kama ngoma, na kutopata choo wala kutoa hewa. Si lazima zije zote kwa pamoja. Kizuizi kikiwa juu, kutapika hutangulia na tumbo huenda lisivimbe sana. Kikiwa chini, kwenye utumbo mpana, tumbo hujaa kwanza, na kutapika kunaweza kuchelewa hata siku nzima. Kwa hiyo usijifariji kwamba hajatapika. Tena anaweza kupata choo kidogo mwanzoni, kile kilichokuwa kimebaki chini ya kizuizi, na watu wakashangilia kuwa amefunguka.

Dalili ya nne ndiyo inayofichwa. Mkwe hawezi kumuuliza baba mkwe kama ametoa hewa, na mzee mwenyewe hatalitaja. Mjukuu anaweza, kwa kuwa babu na mjukuu ni watani. Basi mtume huyo.

"Shikamoo babu. Nisamehe, nina swali la aibu kidogo. Tangu jana umetoa hewa huko chini?"

"Marahaba mjukuu wangu. Hata kidogo. Tangu juzi usiku."

Jibu hilo, kwa mtu ambaye tumbo limevimba na linauma, linatosha kuita usafiri. Na kama maumivu yalikuwa yanakuja na kuondoka, kisha yakawa ya mfululizo, tumbo likawa gumu lisilogusika, mwili ukapata homa au jasho la baridi na moyo ukaenda mbio, huenda utumbo umeshaanza kufa.

Kwa nini hutokea

Kwa watu wazima wa Afrika Mashariki, sehemu inayojulikana sana kwa kujisokota ni ile ya mwisho ya utumbo mpana, yenye mpindo kama herufi S. Hutokea zaidi kwa wanaume. Wako watu ambao mpindo huo ni mrefu kupita kawaida na shina la utando wake ni jembamba. Choo na gesi vikijaa humo, mpindo unalemewa na kugeuka juu ya shina lake. Kwenye picha ya eksirei huonekana kama punje kubwa ya kahawa, yenye ule mstari wake wa katikati.

Kuna namna mbaya zaidi, ambapo utumbo mwembamba nao hujizungusha kwenye mpindo huo hadi vikafunga fundo. Mwaka 1967 daktari mpasuaji J. J. Shepherd alichapisha taarifa ya wagonjwa 92 wa fundo la namna hiyo kutoka Uganda. Madaktari wanaihusisha hali hii na kula mlo mmoja mkubwa na mzito baada ya kukaa na njaa muda mrefu. Hapo naisifu desturi ya pwani ya kufungua saumu kwa tende na uji, kwenda kuswali, na kurudi mezani baadaye. Anayeshinda shambani bila kula hadi usiku naye angegawanya mlo wake ikiwezekana.

Ngiri nayo, ambayo wengi huiita mshipa, imeua watu ambao wangepona kwa upasuaji mdogo. Ni uvimbe wa kinenani, kitovuni au kwenye kovu la zamani, unaotokeza ukikohoa au ukibeba mzigo, na kurudi ndani ukilala. Mwanaume hukaa nao miaka kumi akiuficha chini ya msuli. Kisha siku moja unatokeza na haurudi, unakuwa mgumu, unauma, na kutapika kunaanza. Kipande cha utumbo kimenaswa humo na kinanyongwa. Usiusukume kwa nguvu. Wanawake wajue kwamba wao hupata ngiri ndogo chini kidogo ya kinena, inayodhaniwa kuwa mtoki tu, na hiyo hunasa kwa urahisi zaidi. Ngiri ifanyiwe upasuaji ingali inarudi ndani, kwa siku mliyoipanga wenyewe, mgonjwa akiwa na nguvu zake.

Aliyewahi kupasuliwa tumbo, hata kwa kujifungua, anaweza kubaki na nyuzi za kovu ndani. Nyuzi hizo huunganisha utumbo na utumbo, na siku yoyote, hata baada ya miaka mingi, zinaweza kuubana. Mwenye kovu la tumbo alitaje mapema anapofika hospitali.

Kwa watoto, minyoo mikubwa ya mviringo, ambayo hufikia urefu wa sentimita 30 na zaidi, hujikusanya kama fundo la kamba na kuziba njia. Kinga ni dawa ya minyoo wanayopewa watoto kwenye kampeni na shuleni, choo safi na mikono iliyooshwa kwa sabuni. Lakini mtoto ambaye tumbo limeshavimba na anatapika asipewe dawa ya minyoo nyumbani, kwa sababu minyoo ikilegea yote kwa pamoja inaweza kuziba zaidi. Saratani ya utumbo na kifua kikuu cha tumbo navyo huziba, ila polepole: mtu anakonda na choo kinabadilika kwa wiki au miezi kabla ya njia kufungwa.

Mtoto mchanga na mtoto wa maziwa

Mtoto mchanga akicheua maziwa meupe, ni kawaida. Akitapika kijani, rangi ya mchicha uliosagwa, hiyo ni nyongo. Mtoto akiwa tumboni mwa mama, utumbo wake huzunguka hadi ukae mahali pake. Kwa watoto wachache mzunguko huo haukamiliki, shina linabaki jembamba, na katika wiki za kwanza za maisha utumbo karibu wote unaweza kujisokota. Tumbo huenda lisivimbe kabisa. Matapishi ya kijani peke yake yanatosha kumpeleka hospitali saa hiyo hiyo.

Mtoto wa miezi 4 hadi 10 ana hatari nyingine: kipande cha utumbo kuingia ndani ya kipande kinachofuata, kama mkono wa shati uliovutwa ndani. Analia ghafla, anakunja magoti kifuani, anabadilika rangi, kisha anatulia kana kwamba hakuna kitu. Baada ya dakika 15 au 20 analia tena. Baadaye hutoka choo cha kamasi na damu, na watu wakadhani ni kuhara damu. Hospitali zenye vifaa huweza kuusukuma utumbo huo urudi kwa hewa au maji kupitia njia ya haja kubwa. Kwingine hufanywa upasuaji.

Wapo akina mama waliosikia kwamba chanjo ya rota ndiyo inayoleta ugonjwa huu. Tanzania ilianza kuitoa mwaka 2013 na Kenya mwaka 2014. Utafiti wa nchi 7 za Afrika, nchi hizi mbili zikiwemo, uliochapishwa mwaka 2018, haukukuta ongezeko la ugonjwa huu kwa watoto waliochanjwa. Mpeleke mtoto chanjo kwa tarehe zilizo kwenye kadi yake.

Yasifanyike nyumbani

Haluli isitolewe. Mafuta ya nyonyo yasitolewe. Dawa hizi huamrisha utumbo usukume kwa nguvu, na ukisukuma kwenye njia iliyofungwa unaweza kupasuka. Kupiga bomba nyumbani nako kunaweza kumtoboa. Kumkanda tumbo kwa mafuta, kazi ambayo bibi zetu huifanya kwa mapenzi yote, huuumiza utumbo ulioanza kufa. Wala asishawishiwe kula uji "apate nguvu": kila kijiko kitarudi kwa kutapika, na matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Mtoto akilia njaa, anyamazishwe kwa kubebwa tu hadi mfike.

Najua kwa nini watu hufanya hivi. Hospitali iko mbali, nauli hakuna, na mganga yuko jirani. Lakini usiku mmoja wa haluli unaweza kugharimu mita nzima ya utumbo.

Mkifika hospitali

Tafuteni hospitali yenye chumba cha upasuaji. Kama zahanati ndiyo iliyo karibu, piteni hapo awekewe dripu na kuandikiwa rufaa, kisha muondoke. Atawekewa mpira mwembamba kupitia puani hadi tumboni ili kutoa majimaji, na mwingine wa mkojo ili kupima kama mwili umepata maji ya kutosha. Watu huuogopa ule wa puani, lakini tumbo likipungua mgonjwa mwenyewe huusifu.

Mpindo wa S uliojisokota bila dalili za kufa unaweza kufunguliwa kwa mpira laini unaopitishwa njia ya haja kubwa, na hewa hutoka kwa wingi. Familia hufurahi na kutaka kwenda nyumbani. Msiondoke. Kwa wengi hujisokota tena, kwa hiyo daktari akishauri kipande hicho kikatwe katika safari hiyo hiyo, kubalini. Utumbo uliokufa lazima ukatwe. Pengine choo kitatolewa kwa muda kupitia tundu la tumboni lenye kifuko, na mara nyingi utumbo hurudishwa baada ya miezi kadhaa. Mwenye kifuko anakula, anafanya kazi na anaswali. Mkewe au mumewe aelezwe hivyo mapema, kabla majirani hawajamtia hofu.

Kuna ucheleweshaji mmoja unaoniuma kuliko yote: fomu ya ridhaa iko mezani, timu ya upasuaji iko tayari, na ndugu wanasema wamsubiri baba mkubwa atoke kijijini kuja kutia saini. Mtu mzima mwenye akili timamu anatia saini yake mwenyewe. Wa mtoto, mzazi wake anatosha. Baba mkubwa apigiwe simu njiani, aje kumkuta mgonjwa ameshatoka chumba cha upasuaji.

Zungumzeni leo, mkiwa wazima: nani ana gari au pikipiki ya kuaminika usiku, hospitali ipi inapasua, kadi ya bima iko wapi. Namba ya dereva iandikwe ukutani kwa kalamu nene. Na mtoto mchanga akitapika kijani saa nane za usiku, msisubiri kupambazuke.