Mabamba ya Boroni katika Mabwawa ya Fueli ya Nyuklia: Kwa Nini Kinga Hupimwa

Utangulizi

Kinu cha nyuklia huzalisha umeme kwa kupasua viini vya atomi za urani. Baada ya miaka kadhaa fueli hupungua nguvu na kuondolewa kinuni, lakini huendelea kutoa joto na mionzi mikali. Kwa sababu hiyo huzamishwa katika bwawa lenye kina cha takriban mita 12, na juu ya fueli hubaki maji yasiyopungua mita 6. Maji hayo hupoza fueli, na pia huizuia mionzi ya gama isiwafikie wafanyakazi wanaopita ukingoni.

Ipo kazi ya tatu isiyoonekana kwa macho, nayo ni kuhakikisha kwamba mipasuko ya urani haianzi tena ndani ya bwawa. Katika mabwawa mengi kazi hiyo hutegemea mabamba membamba yenye boroni, ambayo hukaa majini kwa miongo kadhaa. Baada ya kusoma somo hili, msomaji ataweza:

1. kueleza jinsi boroni inavyofyonza nyutroni;
2. kutaja namna mabamba hayo yanavyochakaa na jinsi yanavyopimwa;
3. kutofautisha hatari halisi na hofu isiyo na msingi.

Nyutroni, maji na boroni

Kiini cha urani kinapopasuka, kwa kawaida hutoa nyutroni mbili au tatu. Zikigonga viini vingine, navyo hupasuka, na mnyororo wa mipasuko huendelea. Maji, ambayo ni kinga dhidi ya mionzi ya gama, kwa upande huu huusaidia mnyororo: hupunguza mwendo wa nyutroni, na nyutroni ya polepole huipasua urani kwa urahisi kuliko nyutroni ya kasi.

Hali hiyo huelezwa kwa namba moja, yaani uwiano wa kizazi kimoja cha nyutroni na kizazi kilichokitangulia. Namba ikifika 1, mnyororo hujiendesha wenyewe; ikiwa chini ya 1, mnyororo hufifia. Kanuni za Marekani hutaka namba hiyo isizidi 0.95 bwawani. Kituo kinachotegemea pia boroni iliyoyeyushwa majini hutakiwa kuthibitisha kwamba hata maji yakikosa boroni kabisa, namba itabaki chini ya 1.

Takriban asilimia 20 ya boroni ya asili ni boroni-10. Aina hii hunasa nyutroni za polepole kwa wepesi mkubwa, kisha hugawanyika kuwa lithi-7 na chembe ya alfa. Vipande hivyo viwili husafiri chini ya mikromita 10, umbali usiozidi upana wa seli moja ya mwili. Tabia hiyo hiyo hutumika katika tiba. Mwaka 2020 Japani iliidhinisha tiba ya baadhi ya saratani za kichwa na shingo, ambamo mgonjwa hupewa dawa yenye boroni inayokusanyika katika seli za saratani, kisha nyutroni huelekezwa kwenye uvimbe. Vilevile, milango ya baadhi ya vyumba vya mashine za tibamionzi zenye nguvu kubwa hujazwa plastiki yenye boroni ili kunasa nyutroni zinazozalishwa na mashine hizo.

Kwa nini mabamba yalihitajika

Mabwawa ya kwanza yalijengwa kwa kudhani kwamba fueli ingekaa humo kwa muda mfupi, kisha ipelekwe kuchakatwa upya. Mafungu ya fueli yaliachwa mbalimbali, na nafasi kati yao ndiyo iliyokuwa kinga. Mwaka 1977 serikali ya Marekani ilisitisha mpango wa uchakataji wa fueli za vituo vya umeme. Mabwawa yakaanza kujaa, na vituo vikabadilisha viunzi vya kuhifadhia ili mafungu yasogezwe karibu zaidi. Nafasi ilipopungua, mabamba ya boroni yaliwekwa kwenye kuta za mashubaka yanayoshika mafungu hayo. Tangu hapo usalama uliokuwa ukilindwa na umbali ukawa unalindwa na nyenzo, na nyenzo huchakaa.

Mabamba huchakaa vipi

Mfano unaojulikana zaidi ni Boraflex, nyenzo ya silikoni iliyochanganywa na kabidi ya boroni. Mionzi ya gama huifanya isinyae, na bamba lililobanwa pande zote likisinyaa hukatika na kuacha mapengo. Mapengo ya namna hiyo yaliripotiwa mwaka 1987 katika kituo cha Quad Cities, jimbo la Illinois. Hatua ya pili huja taratibu zaidi: maji hupenya ndani, huyeyusha silika inayoshikilia nyenzo, na boroni huondoka pamoja nayo. Mwaka 1996 mamlaka ya udhibiti wa nyuklia ya Marekani iliviandikia vituo kuhusu uchakavu huo.

Nyenzo nyingine zina kasoro zake. Boral, ambayo ni kabidi ya boroni iliyofunikwa kwa alumini, huweza kutoa malengelenge kwenye alumini hiyo. Katika kituo cha Palisades, jimbo la Michigan, vipimo vya mwaka 2008 vilionyesha kwamba mabamba ya aina nyingine yalikuwa na boroni-10 pungufu kuliko ilivyodhaniwa katika hesabu za usalama. Mwaka 2016 mamlaka hiyo ilivitaka vituo vieleze vinategemea nyenzo gani na vinazifuatilia vipi.

Njia za kufuatilia

*Vipande vya sampuli.* Vipande vidogo vya nyenzo ileile huning'inizwa bwawani, mara nyingi karibu na fueli iliyotoka kinuni hivi karibuni ili vipate mionzi mikali. Kila baada ya muda uliopangwa kimoja hutolewa, hukaguliwa kwa macho, hupimwa uzito na unene, kisha hupigwa nyutroni ili kujua ni kiasi gani cha boroni-10 kimebaki. Udhaifu wa njia hii ni kwamba sampuli huwakilisha tu mabamba ambayo hayajatazamwa, na idadi yake ina mwisho.

*Upimaji wa mahali penyewe.* Chanzo cha nyutroni huteremshwa katika shubaka moja na kigunduzi katika shubaka la jirani. Nyutroni nyingi zikipenya, bamba lililo katikati limepungukiwa. Njia hii hulipima bamba lenyewe, ingawa usahihi wake unategemea sana urekebishaji wa kifaa na mkao wake majini.

*Kemia ya maji.* Katika mabwawa yenye Boraflex, kupanda kwa kiwango cha silika ni dalili kwamba mabamba yanayeyuka. Dalili hiyo haionyeshi ni bamba lipi, kama vile homa isivyoonyesha ugonjwa ni upi.

Hatari kwa mwili ni ipi

Kupungua kwa boroni hakuongezi dozi ya kila siku kwa mfanyakazi wala kwa jirani, kwa kuwa ukuta dhidi ya mionzi ya gama ni maji yenyewe. Kinachopungua ni akiba ya usalama inayozuia mnyororo usiwake. Mapitio ya ajali za namna hiyo yaliyotolewa na Maabara ya Los Alamos mwaka 2000 yaliorodhesha ajali 22 katika viwanda vya kuchakata nyenzo za nyuklia, na hakuna hata moja iliyotokea nyenzo zikiwa zimehifadhiwa ghalani.

Hata hivyo, madhara ya mnyororo unaowaka mahali pasipotarajiwa yanafahamika. Tarehe 30 Septemba 1999, katika kiwanda cha Tokaimura nchini Japani, wafanyakazi walimimina myeyuko wa urani kupita kiasi katika tangi moja. Mnyororo uliendelea kwa takriban saa 20, hadi maji yaliyozunguka tangi yalipoondolewa. Kisha asidi ya boriki iliongezwa ili usirudi. Kati ya wafanyakazi watatu waliopata dozi kubwa, wawili walifariki, mmoja baada ya siku 83 na mwingine baada ya siku 211. Nyutroni ziligeuza sehemu ya sodiamu katika damu yao kuwa sodiamu-24 yenye mionzi, na kipimo chake kiliwasaidia madaktari kukadiria dozi. Mhudumu wa afya akumbuke pia kwamba kutapika mapema na kushuka upesi kwa limfosaiti ni viashiria muhimu vya dozi kubwa.

Funzo kwa vituo vya afya

Aproni yenye risasi inayovaliwa katika chumba cha eksirei huchakaa kwa namna hiyo hiyo. Ikikunjwa au kutupwa ovyo, hupasuka ndani huku kitambaa cha nje kikiwa kizima, na anayeivaa hajui. Aproni itundikwe, ipewe namba, ikaguliwe kwa fluroskopia au eksirei angalau mara moja kwa mwaka, na matokeo yaandikwe kwenye daftari. Mgonjwa au msindikizaji anayevalishwa aproni ana haki ya kuuliza ilikaguliwa lini.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini maji ya bwawa ni kinga na wakati huohuo husaidia mnyororo wa mipasuko?
2. Taja njia tatu za kufuatilia mabamba ya boroni, na upungufu mmoja wa kila njia.
3. Kwa nini bamba lililopungukiwa boroni haliongezi dozi ya kila siku ya mfanyakazi?
4. Katika kituo chako, ni kinga gani ya mionzi ambayo haijapimwa kwa zaidi ya mwaka mmoja?