SOMO LA WIKI: Tumbo la Baada ya Uzazi na Mipaka ya Bima

Wafanyabiashara wengi hukata bima ya matibabu kwa kutazama mambo mawili tu: kiasi cha ada na jina la kampuni. Hati yenyewe hutiwa kabatini, ikatolewa siku ya matatizo. Hapo ndipo mtu hugundua kwamba alichodhani amekinunua hakimo ndani ya mkataba.

Wiki hii tunachukua mfano ambao wengi huona haya kuuzungumza, nao ni upasuaji wa kurekebisha umbo la mwili baada ya kujifungua. Tumeuchagua kwa sababu unaonyesha wazi jinsi bima inavyoamua kulipa au kutolipa. Nchi tutakayoitazama zaidi ni Australia, ambako kanuni za suala hili zimebadilika mara mbili katika miaka ya karibuni.

Tatizo lenyewe

Mimba inapokua, misuli miwili ya mbele ya tumbo hutanuka na kuachana katikati. Kwa wanawake wengi hurudi karibu pamoja katika miezi ya baada ya kujifungua. Kwa wengine pengo hubaki. Mama wa namna hiyo anaweza kuumwa mgongo wa chini, kushindwa kuinua mzigo au kupata matatizo ya mkojo. Anayefanya kazi ya kusimama dukani au kubeba mtoto kutwa hupungukiwa nguvu, na pengine kipato.

Daktari wa upasuaji anaweza kuishona misuli hiyo na kuondoa ngozi iliyolegea. Swali la bima ni moja: je, hayo ni matibabu au ni urembo? Upasuaji ni uleule na kisu ni kilekile. Kinachoamua malipo ni sababu iliyoandikwa.

Kilichotokea Australia

Australia ina mpango wa taifa wa afya uitwao Medicare, na pembeni yake zipo kampuni za bima binafsi. Medicare ina orodha ya huduma, kila moja na namba yake na bei inayotambuliwa na serikali. Kwa kawaida kampuni binafsi haiwajibiki kulipia upasuaji ambao hauna namba katika orodha hiyo. Kwa lugha ya sokoni, hakuna namba, hakuna malipo.

Tangu Januari 1, 2016, upasuaji wa tumbo kwa sababu ya uzazi peke yake ulitolewa katika orodha. Waliopungua uzito kwa kiasi kikubwa waliendelea kupata nafasi kwa masharti, lakini mama aliyeharibikiwa misuli kwa mimba alibaki nje. Mama huyo aliendelea kulipa ada yake, na gharama ya upasuaji ikawa juu yake mwenyewe.

Julai 1, 2022 mlango ulifunguliwa tena kwa namba 30175. Masharti yake ni haya:

1. Pengo la misuli liwe angalau sentimita 3, lithibitishwe kwa picha ya kitabibu kabla ya upasuaji.

2. Ziwepo dalili za kiwango cha kati au zaidi, kama maumivu ya tumbo wakati wa kulitumia, maumivu ya mgongo wa chini au matatizo ya mkojo, nazo ziwe zimeandikwa.

3. Mama awe amejaribu tiba isiyo ya upasuaji, pamoja na mazoezi ya tiba ya viungo, bila kupona.

4. Asiwe amepata mimba katika miezi 12 iliyopita.

5. Malipo ni mara moja tu katika maisha.

Msomaji atazame vizuri: hakuna sharti hata moja linalotaja sura ya tumbo. Mawili ya kwanza yanapima madhara na yanadai ushahidi. Kufyonza mafuta ili kupunguza kiuno, au kuinua matiti kwa ajili ya umbo, hakuingii hapa.

Hesabu ya pengo

Kupata namba si kulipiwa kila kitu. Mgonjwa binafsi akilazwa, Medicare hulipa asilimia 75 ya bei inayotambuliwa, na bima yenye kinga hiyo hulipa asilimia 25 iliyobaki. Lakini daktari ana uhuru wa kutoza zaidi.

Tuchukue tarakimu za kufundishia tu. Tuseme bei inayotambuliwa ni dola 1,000 na daktari anatoza dola 6,000. Medicare italipa 750 na bima 250. Zinabaki dola 5,000, ambazo ni za mgonjwa, isipokuwa kampuni iwe na mapatano maalumu na daktari huyo. Bado hatujagusa mtaalamu wa nusukaputi, wala kiasi cha mwanzo ambacho mwenye bima hubeba mwenyewe akilazwa.

Anayeuliza "je, nimekingwa?" ameuliza nusu ya swali. Nusu ya pili ni "kwa kiasi gani?"

Kwa nini kampuni hujilinda

Bima hukinga jambo ambalo halijulikani kama litatokea. Mtu akingoja mpaka aumwe ndipo ajiunge, alipiwe, kisha ajitoe, mfuko hukauka na wanaobaki hupandishiwa ada. Australia sheria hairuhusu kampuni kumtoza mtu ada kubwa kwa sababu ya ugonjwa wake, na ada zikipanda lazima waziri aidhinishe. Kinga iliyobaki ni kipindi cha kungoja: hadi miezi 12 kwa tatizo ambalo dalili zake zilikuwapo ndani ya miezi 6 kabla ya kujiunga au kupanda daraja la bima.

Mwenye hisa za kampuni ya bima ajifunze hapa kwamba namba moja ikiingia au ikitoka katika orodha ya serikali, madai yanayolipwa hubadilika bila kampuni kufanya lolote. Ukisoma hesabu za kampuni ya namna hii, usiishie kwenye faida. Tazama pia madai yanakula sehemu gani ya ada.

Marekani nako hoja ni hiyohiyo. Sheria ya mwaka 1998 inaitaka bima inayolipia kuondolewa titi kwa saratani ilipie pia kulijenga upya. Upasuaji wa titi kwa ajili ya umbo tu baada ya kunyonyesha hauna kinga ya sheria hiyo.

Kabla ya kutia sahihi

Popote ulipo, fungua ukurasa wa mambo yasiyolipiwa kabla ya ule wa ahadi. Tafuta neno "urembo", kisha uulize kampuni inalitafsiri vipi. Uliza kipindi cha kungoja. Omba kibali cha malipo kwa maandishi kabla ya kulazwa, na makadirio ya gharama kutoka kwa kila daktari atakayehusika.

Mwisho, tunza kumbukumbu. Mama anayeumwa aeleze dalili zake hospitali tangu mwanzo na ziandikwe katika faili. Maumivu yasiyoandikwa, kwa macho ya bima, hayakuwahi kuwapo.